Nakala Iliyo Mkononi: Namna ya Kukusanya, Kuthamini na Kuhifadhi Vitabu Adimu vya Katuni

Vitabu vya katuni vya zamani havikutengenezwa ili vidumu. Vilichapishwa kwenye karatasi hafifu ya magazeti, vikauzwa kwa senti 10 za Marekani, vikasomwa na watoto waliovikunja na kuvitia mfukoni, kisha vikatupwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamarekani walihimizwa kutoa karatasi chakavu kwa ajili ya mahitaji ya vita, na vitabu vingi vya katuni vikaishia katika marundo hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, vingine vilichomwa moto hadharani katika miji kadhaa na watu walioamini kwamba vinapotosha vijana. Ndiyo maana toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza, lilichapishwa nakala zinazokadiriwa kuwa 200,000, lakini zinazodhaniwa kubaki hazizidi sana 100. Mojawapo iliuzwa mnadani mwezi Aprili 2024 kwa dola milioni 6.

Anayeanza akisikia bei kama hiyo hukimbilia kutafuta majina makubwa. Ushauri wangu ni kwamba aanze kwa kujifunza kuisoma nakala yenyewe, kwa sababu mkusanyaji hanunui toleo, bali hununua nakala moja ya toleo hilo, yenye mikunjo yake, kutu yake na historia yake. Nakala mbili za toleo moja, zilizotoka katika mtambo mmoja siku moja, zinaweza kutofautiana bei mara mia. Kazi yote ya kukusanya, kuthamini na kuhifadhi inasimama juu ya jambo hilo.

Kuchagua cha kukusanya

Wakusanyaji wa vitabu vya Marekani hugawa historia yake katika vipindi. Kipindi cha Dhahabu huhesabiwa kuanzia mwaka 1938 hadi katikati ya miaka ya 1950. Kipindi cha Fedha huanza na toleo la 4 la jarida la Showcase, mwaka 1956, lililomleta shujaa Flash kwa sura mpya, na ndani yake mna Fantastic Four la kwanza la mwaka 1961 na toleo la 15 la Amazing Fantasy, Agosti 1962, alipoonekana Spider-Man kwa mara ya kwanza. Kipindi cha Shaba huanza karibu mwaka 1970 na kwenda hadi katikati ya miaka ya 1980. Mgawanyo huu si wa kimapambo tu, kwa kuwa ukubwa wa vitabu, idadi ya kurasa, bei iliyochapishwa jaladani na hata uwezekano wa kupata nakala safi hutofautiana kutoka kipindi kimoja hadi kingine.

Umri peke yake haufanyi kitabu kuwa na thamani, wala uchache peke yake. Thamani hutokea pale watu wengi wanapotaka kitu ambacho kipo kwa uchache katika hali nzuri. Toleo la kwanza la X-Men la mwaka 1991 liliuzwa zaidi ya nakala milioni 8, nyingi zikinunuliwa na watu waliozifungia kabatini wakitarajia utajiri, na kwa kuwa karibu kila mmoja alitunza ya kwake, nakala safi zimejaa hadi leo na bei yake ni ndogo. Mfano wa upande wa pili ni toleo la kwanza la Teenage Mutant Ninja Turtles la mwaka 1984, ambalo watungaji wake wawili walilichapisha wenyewe kwa nakala zipatazo 3,000 tu, bila kujua kama yeyote angelitaka.

Ni busara kuchagua uwanja mwembamba: mhusika mmoja, mchoraji mmoja, au miaka mitano ya jarida moja. Anayekusanya kila kitu hapati ujuzi wa kutosha juu ya chochote, naye ndiye anayedanganywa kwa urahisi. Anayefuata mfululizo mmoja, baada ya kushika nakala hamsini za mfululizo huo, huanza kutambua kwa kidole karatasi isiyo ya kawaida kabla hata macho hayajaona kasoro.

Kuitambua nakala

Usiamini jalada peke yake. Fungua kitabu na utafute maandishi madogo ya uchapishaji, ambayo kwa kawaida huwa chini ya ukurasa wa kwanza au ndani ya jalada la mbele. Hapo ndipo penye jina rasmi la jarida, namba ya toleo, tarehe na jina la mchapishaji, na mara nyingi ndipo panapoelezwa kama ni chapa ya pili. Tarehe ya jaladani nayo isikuchanganye, kwani wachapishaji waliitanguliza kwa miezi kadhaa ili kitabu kionekane kipya rafuni kwa muda mrefu. Action Comics ya Juni 1938 ilikuwa tayari inauzwa mwezi Aprili.

Kisha chukua rula. Mwaka 1974 Action Comics ya kwanza ilichapishwa upya ukurasa kwa ukurasa, pamoja na matangazo yake yote ya zamani, ikiwa na jalada la nje la kadi lililoeleza wazi kwamba hiyo ni chapa mpya. Walaghai walibandua jalada hilo la nje na kuuza kilichobaki kana kwamba ni nakala ya mwaka 1938. Rula inafichua hila hiyo papo hapo, kwa sababu chapa ya 1974 ina urefu wa takriban sentimita 34, ilhali vitabu vya kawaida vya miaka ya 1930 vina urefu wa sentimita 26 hivi. Chapa nyingine za marudio hutambulika kwa bei: mwaka 1966 baadhi ya matoleo ya awali ya kampuni ya Marvel yalichapishwa upya ili kuambatana na santuri, na majalada yake hayana bei. Vilevile kuna nakala zenye bei ya peni za Uingereza ambazo anayeanza huziona kuwa ni za marudio, kumbe nyingi za miaka ya 1960 zilitoka katika mtambo uleule na wakati uleule na zile za senti.

Hatua inayorukwa zaidi ni kuhesabu kurasa. Kitabu cha kawaida cha Kipindi cha Fedha au cha Shaba kina kurasa 32 bila jalada, yaani karatasi kubwa nane zilizokunjwa katikati na kushikwa kwa pini mbili. Chukua mfano wa toleo la 181 la The Incredible Hulk, Novemba 1974, linalotafutwa sana kwa sababu ya mhusika Wolverine aliyemo. Siku hizo Marvel ilikuwa ikichapisha ndani ya magazeti yake stempu ndogo za picha na kuwahimiza wasomaji wazikate na kuzibandika katika kijitabu maalumu. Watoto walitii. Kwa hiyo unaweza kushika nakala ambayo jalada lake linang'aa, mgongo wake umenyooka na pini zake hazina hata chembe ya kutu, ukaifungua taratibu, na kwenye ukurasa wa barua za wasomaji ukakuta tundu la mraba lililokatwa kwa mkasi. Tundu hilo huondoa sehemu kubwa ya bei. Muuzaji asipotaka kukuonyesha ukurasa ule, usinunue.

Kupima hali

Weka kitabu juu ya meza safi, karibu na taa, na usikiharakishe. Anza na mgongo, kwa kuwa hapo ndipo umri unapojiandika kwanza: mistari midogo myeupe inayokatiza pale wino ulipovunjika, mgongo uliopinda kwa sababu msomaji alikuwa akikunja kurasa nyuma, na karatasi iliyoanza kuraruka kuzunguka pini. Mstari mrefu wa mkunjo unaoshuka katikati ya jalada kutoka juu hadi chini mara nyingi unamaanisha kwamba nakala ilitumwa kwa posta ikiwa imekunjwa. Angalia pembe nne, kisha kingo. Inua jalada uone kama ukurasa wa katikati bado umeshikwa na pini zote mbili. Tazama rangi ya kurasa, ambayo huenda kutoka nyeupe hadi ya maziwa, kisha ya hudhurungi, na mwisho huwa karatasi kavu inayovunjika kama jani la mwaka jana. Nusa pia: harufu ya ukungu haifichiki kwa urahisi.

Baada ya hapo tafuta ukarabati uliofichwa. Geuza jalada na uangalie upande wake wa ndani; kalamu ya rangi iliyotumika kuziba mistari myeupe ya mgongo mara nyingi hupenya na kuonekana kwa nyuma. Kingo zilizonyooka kupita kiasi, zenye weupe mpya usiolingana na kurasa zilizobaki, huashiria kwamba kitabu kimekatwa ili kuondoa uchakavu, na ndiyo sababu nyingine ya kuwa na rula na vipimo vya kipindi husika. Alama ya kutu kwenye karatasi huku pini zikiwa zinametameta ina maana kwamba pini zimebadilishwa. Taa ndogo ya mionzi ya urujuanimno inasaidia sana katika chumba chenye giza, kwani gundi, rangi na vipande vya karatasi vilivyoongezwa mara nyingi hung'aa tofauti na karatasi ya asili. Karatasi za kabla ya mwaka 1950 hivi hazikutiwa kemikali za kuongeza weupe, kwa hiyo ukurasa unaodaiwa kuwa wa 1939 ukitoa mng'ao mkali wa buluu, una haki ya kushuku.

Soko hupima hali kwa mizani ya kuanzia 0.5, iliyo mbaya kabisa, hadi 10.0, isiyo na dosari. Kampuni ya CGC ya Florida, iliyoanza kazi mwaka 2000, hupokea kitabu, hukikagua, hukipa daraja na kukifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Rangi ya lebo ina maana: buluu ni nakala ya kawaida, zambarau ni iliyokarabatiwa, kijani ni yenye kasoro moja kubwa iliyotajwa kando na daraja, na manjano ni yenye saini iliyotiwa mbele ya shahidi wa kampuni. Zipo kampuni nyingine zinazofanya kazi hiyohiyo. Si kila kitabu kinastahili gharama hiyo. Kwa kitabu cha bei ndogo, ada ya ukaguzi na usafirishaji inaweza kuzidi thamani ya kitabu chenyewe. Na hata ukinunua kilichofungiwa, soma nakala kwanza ndipo usome lebo, maana ndani ya daraja moja zimo nakala zinazovutia na zisizovutia.

Kupanga bei

Bei anayoitaka muuzaji si thamani. Thamani hutafutwa katika mauzo yaliyokwisha kukamilika, ya toleo hilohilo, la daraja hilohilo, katika miezi kumi na miwili iliyopita. Nyumba za minada kama Heritage Auctions ya Dallas huweka wazi kumbukumbu za mauzo yao, na mwongozo wa bei wa Robert Overstreet, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1970, bado hutumika kama msingi wa mazungumzo hata pale ambapo soko limeupita. Kumbuka kwamba bei zinazotangazwa na minada kwa kawaida hujumuisha ada ya mnunuzi, hivyo anayeuza hapokei fedha zote hizo.

Bei hupanda na kushuka. Nakala ya daraja la 9.6 ya Amazing Fantasy toleo la 15 iliuzwa kwa dola milioni 1.1 mwaka 2011, na ya daraja hilohilo ikauzwa kwa dola milioni 3.6 mwezi Septemba 2021. Katika miaka hiyo ya 2020 na 2021, vitabu vingi vya kawaida vilipanda pia, na waliovinunua kileleni wakaona vikishuka muda mfupi baadaye. Tangazo la filamu mpya hupandisha bei ya mhusika ndani ya wiki moja, na mara nyingi bei hiyo hupoa filamu inapotoka. Mimi situmii fedha ninazozihitaji mwaka huu kununulia vitabu, na nakala ya daraja la chini ninayoipenda, iliyo kamili na isiyoguswa, naiona bora kuliko ya daraja la juu iliyopakwa rangi.

Kuhifadhi

Mwaka 1977, mfanyabiashara wa vitabu vya katuni huko Colorado, Chuck Rozanski, alinunua maelfu ya vitabu vilivyokuwa vya Edgar Church, msanii aliyekuwa akivinunua tangu miaka ya 1930. Vitabu hivyo vilikuwa vimepangwa kwa marundo marefu ndani ya nyumba, vikibanana, gizani, katika eneo la miinuko lenye hewa kavu na baridi. Vingi vilitoka humo vikiwa na kurasa nyeupe na wino unaong'aa kama wa jana, na hadi leo nakala za mkusanyo huo huuzwa kwa bei ya juu kuliko nyingine za daraja lilelile. Giza, ubaridi, ukavu na hewa chache ndizo zilizofanya kazi hiyo, kabla ya kuwapo mifuko maalumu yoyote.

Sababu yake ni ya kikemia. Karatasi ya magazeti hutokana na mbao zilizosagwa pamoja na lignini yake, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, na lignini ikikutana na mwanga na oksijeni hubadilika rangi, huku asidi iliyomo katika karatasi ikiendelea kukata nyuzi zake kidogo kidogo. Joto huharakisha mambo yote hayo, na unyevu huongeza ukungu na kutu. Huwezi kuyasimamisha kabisa. Unaweza kuyapunguza kasi kwa miongo mingi.

Lenga joto lisilozidi nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 35 hadi 50, na zaidi ya yote epuka kupanda na kushuka kwa ghafla, kwa sababu karatasi hutanuka na kusinyaa kila mara hadi inachoka. Nunua kipimaunyevu kidogo na ukiweke ndani ya kabati lenyewe. Dari na stoo zisizo na hewa ya kutosha ndizo sehemu mbaya zaidi za nyumba. Chumba cha katikati, kabati lisilogusa ukuta wa nje, na maboksi yaliyoinuliwa kutoka sakafuni angalau sentimita 15 vinatosha kwa wengi. Mahali penye unyevu mwingi, tumia boksi la plastiki ya polipropilini lenye kifuniko cha kubana pamoja na pakiti za silika, na uzikaushe au kuzibadilisha zinapojaa maji.

Kwa mifuko, poliesta angavu ndiyo bora, kwani haitoi kemikali na hudumu miaka mingi. Polipropilini na polithini ni nafuu na zinafaa, mradi zibadilishwe kila baada ya miaka michache. Plastiki ya PVC isikaribie kitabu kamwe, maana hutoa kemikali zinazonata na kuharibu wino. Nyuma ya kitabu weka kadi isiyo na asidi, iliyotiwa kalsiamu kaboneti. Fahamu kwamba kadi nyingi za bei ya chini hupakwa juujuu tu, na baada ya muda nazo huanza kuwa na asidi. Pini za karatasi, mipira ya kufungia na selotepu visiguse kitabu hata siku moja. Panga vitabu vikiwa vimesimama wima, vikijaa kiasi cha kutegemeana bila kubanwa, kwa sababu nafasi tupu huvifanya viinamie upande na kupinda mgongo.

Selotepu ya kufungia mdomo wa mfuko ina hatari yake. Nilikuwa nikiivuta nakala ya mwaka 1966 itoke mfukoni, huku ulimi wa mfuko ukiwa umefunguka na selotepu yake ikiningoja bila mimi kuiona. Iligusa kona ya juu ya jalada, na nilipovuta, ikaondoka na ukanda wa wino wenye upana wa ukucha, ukiwa na nusu ya herufi moja ya jina la jarida. Haukurudi. Tangu siku hiyo naondoa selotepu yote kabla ya kugusa kitabu, naigeuza sehemu iliyobaki ya ulimi nyuma, na ninaporudisha nakala naukunja ulimi ndani, nyuma ya kadi, bila gundi yoyote.

Shika kitabu kwa mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Glovu za pamba huondoa hisia za vidole na hunasa kwenye kingo zilizoraruka. Usikifungue hadi kilale bapa. Mwanga wa jua usikifikie hata kwa siku chache, na ukitaka kukiweka ukutani, weka picha yake iliyochapishwa.

Wadudu, hasa mende, mchwa na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula wanga wa karatasi, huzuiwa kwa usafi na ukaguzi wa kila mwezi. Usipulizie dawa karibu na vitabu. Nakala iliyoshukiwa kuwa na wadudu huvikwa mfuko uliofungwa kabisa, ikawekwa kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa angalau wiki moja, kisha ikaachwa ndani ya mfuko huohuo kwa siku nzima ili ipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Friza hilohilo ndilo msaada wa kwanza kitabu kikilowa, kwa kuwa ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48: usizitenganishe kurasa zilizoshikana, zigandishe kwanza, ndipo umtafute mtaalamu wa kuhifadhi karatasi.

Mwisho ni kumbukumbu. Mwaka 2000 mwigizaji Nicolas Cage aliibiwa nakala yake ya Action Comics ya kwanza. Ilipatikana mwaka 2011 na kuuzwa mwishoni mwa mwaka huo kwa dola milioni 2.16. Piga picha za kila nakala ya thamani, mbele, nyuma na kwenye ukurasa wa katikati, ukizikaribia zile kasoro ambazo hakuna nakala nyingine inazo: pembe iliyokatika kwa namna yake, muhuri wa tarehe ulioinama, jina la mtoto lililoandikwa kwa penseli. Andika ulipoinunua, lini na kwa kiasi gani, pamoja na namba ya cheti kama imefungiwa. Waulize wa bima kwa maandishi kama mkataba wa nyumba unahusu vitu vya kukusanywa, maana mingi huviwekea kikomo kidogo. Nakala moja ya orodha hiyo ikae nje ya nyumba, na nyingine ikae juu kabisa ya boksi la kwanza, ikiwa na maelezo ya ukurasa mmoja kwa mtu ambaye siku moja atalifungua bila kujua kilichomo.